Wiki ya Mtengenezaji wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu wanaotaka kuanza biashara ya bidhaa za mikono nyumbani, au walioanza na sasa wamechoka, hunirudia nayo kila mara. Mimi hutengeneza sabuni za vipande kwa njia baridi, yaani bila kupika mchanganyiko, kwa hiyo mifano mingi itatoka kwenye sabuni. Hata hivyo nimejitahidi kumkumbuka anayemimina mishumaa, anayeshona mikoba na anayefuma kwa kroshia, kwa sababu ugumu wetu ni mmoja: kazi ya mikono ndiyo inayoonekana, na kazi nyingine yote hufanyika bila mtu kuihesabu.

## Sura ya wiki

Wiki ya kawaida huwaje?

Jumatatu sitengenezi chochote. Huhesabu vipande vilivyo tayari, husoma oda zilizoingia, hutazama malighafi iliyobaki na kuandika nitakachotengeneza. Jumanne na Jumatano ni siku za mikono: kupima, kuchanganya, kumimina, na kukata kilichomiminwa. Alhamisi asubuhi hufunga bidhaa na kubandika lebo, mchana huandaa vifurushi, na Ijumaa huvituma. Jumamosi ni ya mambo yanayosahaulika kirahisi, yaani picha, maelezo ya bidhaa mpya, daftari la mapato na matumizi, na usafi wa kina wa chumba cha kazi. Jumapili mlango wa chumba hicho hufungwa.

Mpangilio huo si sheria, na wewe unaweza kuugeuza upendavyo, lakini ningekusihi uhifadhi mambo mawili. La kwanza ni kuhesabu kabla ya kutengeneza, maana anayeanza wiki kwa kutengeneza hutengeneza anachokipenda, kisha hugundua Alhamisi kwamba kilichoagizwa ni kingine. La pili ni kuwa na siku maalumu ya kutuma. Mtu anayekwenda kutuma kifurushi kimoja kila siku hupoteza asubuhi tano badala ya moja, na mteja hapati faida kubwa kwa hilo. Anachotaka ni kujua kwa hakika mzigo wake utaondoka lini.

Kwa nini siku za kutengeneza ni mbili tu? Si ndiyo kazi yenyewe?

Swali hili ndilo ninalolijali kuliko yote, na majibu mengine mengi yatarudi hapa. Nilipoanza niliamini kwamba wiki yangu ni ya kutengeneza sabuni, na kila kitu kingine ni usumbufu unaoniondoa kazini. Kisha kwa wiki kadhaa niliweka saa mezani na kuandika kila nilichofanya. Kati ya saa 30 nilizofanya kazi kwa wiki, zile za kupima, kumimina, kukata na kufunga vipande zilikuwa 12. Saa 18 zilizobaki zilikwenda kwenye kujibu wateja, kununua malighafi, kusafisha vyombo, kuandaa vifurushi, kupiga picha, kuandika hesabu na kurekebisha makosa.

Saa hizo 18 si usumbufu. Ni kazi, na bila hizo sabuni ingebaki kwenye rafu. Asiyezipangia nafasi katika wiki atazifanya usiku, na asiyeziweka ndani ya bei atazifanya bure. Nakushauri ufanye zoezi hilo hilo kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote: andika muda wa kuanza na kumaliza kila jambo, hata la dakika tano.

Je, ni bora kutengeneza kipande kimoja hadi mwisho, au kufanya kwa mikupuo?

Kwa mikupuo, karibu kila mara. Anayeshona mikoba kumi na kuikata yote kwanza, kisha kuishona yote bitana, kisha kuitia yote zipu, hupanga meza mara tatu. Anayeshona mmoja mmoja huipanga mara thelathini. Kubadilisha uzi wa cherehani, kuwasha jiko la nta au kuvaa vifaa vya kinga huchukua muda uleule, iwe unatengeneza kimoja au ishirini.

Tahadhari ni kwamba mkupuo huzidisha kosa pia. Kipimo kibaya cha kitambaa huharibu mikoba kumi badala ya mmoja. Kwa hiyo kitu kipya hutengenezwa kimoja hadi mwisho, hutumiwa kwa siku chache, ndipo kiingie kwenye mkupuo.

Nina ajira nyingine. Saa kumi kwa wiki zinatosha?

Zinatosha kwa biashara ya saa kumi. Gawanya kwa uwiano wako halisi: ukifuata uwiano wangu, saa nne tu ndizo zitakuwa za mikono. Ni bora kuwa na bidhaa mbili zinazopatikana wakati wote kuliko kumi na mbili ambazo nusu yake hazipo.

## Kutengeneza na kusubiri

Bidhaa inayohitaji kukomaa inapangwaje ndani ya wiki?

Sabuni ya njia baridi hukaa ndani ya kalibu kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kukatwa, kisha huachwa kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Wengi hudhani kwamba wiki hizo ni za kusubiri kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iishe ukali. Sivyo hasa: sehemu kubwa ya mafuta na soda huwa imekwisha kugeuka sabuni ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Kinachosubiriwa ni maji kuondoka na kipande kukaza, ili sabuni iwe ngumu, itoe povu zuri na isiyeyuke mapema bafuni. Mishumaa nayo husubiri. Ile ya nta ya soya hunukia vizuri zaidi ikiachwa wiki moja hadi mbili baada ya kumiminwa, ilhali ya parafini huhitaji siku chache.

Maana yake kibiashara ni kwamba unachotengeneza wiki hii si unachouza wiki hii. Mimi humimina mikupuo 4 ya vipande 24, yaani vipande 96 kwa wiki, na huvikomaza kwa wiki 5. Kwa hiyo rafu zangu hubeba vipande 480 ambavyo haviwezi kuuzwa bado, na pesa ya malighafi yake imelala hapo. Anayeanza na mtaji mdogo huumizwa na jambo hili bila kulielewa: anauza vizuri, hana deni, na bado hana pesa ya kununua mafuta, kwa sababu faida yake imekaa kwenye rafu. Anza na mikupuo michache na uongeze polepole kadiri ya kwanza inavyokomaa na kuuzwa.

Kwa misimu ya mauzo makubwa, hesabu kurudi nyuma. Ikiwa wateja watanunua zaidi katika wiki fulani, toa wiki 2 za kufunga na kusafirisha, toa wiki 5 za kukomaa, toa wiki 1 ya kumimina na kukata. Mkupuo wa mwisho wa msimu huo unapaswa kumiminwa wiki 8 kabla. Ukiukumbuka msimu unapoanza kuusikia ukizungumzwa, umekwisha kuchelewa.

Kostiki soda ni salama nyumbani?

Ni salama kwa anayeiheshimu. Ni kemikali kali inayounguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Miwani ya kinga, glavu na mikono mirefu huvaliwa kabla ya kufungua chombo na huvuliwa baada ya kuosha vyombo. Soda ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya soda, kwa sababu joto huzuka kwa ghafla na mchanganyiko unaweza kuruka. Mmumunyo hupata joto kali na kutoa mvuke unaokera koo, hivyo fanya kazi dirisha likiwa wazi. Usitumie chombo cha alumini, maana soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Usipake siki juu ya ngozi iliyoungua. Ikiingia jichoni, endelea kuosha na utafute daktari mara moja.

Kipimo ni kwa uzito, kwenye mzani wa kidijitali, si kwa kikombe. Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Gramu moja ya mafuta ya zeituni huhitaji takriban gramu 0.134, na ya mafuta ya nazi takriban gramu 0.183. Kwa hiyo gramu 700 za zeituni zinahitaji 93.8, na gramu 300 za nazi zinahitaji 54.9, jumla ni 148.7. Watengenezaji wengi hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na soda isizidi, na hapo inabaki gramu 141 hivi. Maji, kwa mtu anayejifunza, yanaweza kuwa mara mbili ya uzito wa soda. Usibadilishe aina ya mafuta bila kurudia hesabu hii.

Kwa upande wa wiki, kazi ya soda hupangiwa saa ambazo watoto na wanyama hawapo karibu na simu imezimwa. Mimi siifanyi nikiwa na usingizi. Nimewahi kuahirisha siku nzima ya kumimina kwa sababu ya usiku mbaya, na sikuwahi kujutia.

Kuna haja gani ya kuandika kila mkupuo?

Mara moja, vipande vya mkupuo mmoja vilitoka madoa ya rangi ya chungwa vikiwa rafuni. Hiyo ni dalili ya mafuta yaliyochacha. Kwa kuwa kila mkupuo wangu una namba, tarehe, vipimo na namba ya chombo cha mafuta kilichotumika, niliweza kuona ni mikupuo ipi mingine iliyotoka kwenye chombo hicho hicho, nikaitenga yote kabla haijafika kwa mteja. Bila daftari ningelazimika kuishuku rafu nzima.

Andika namba hiyo kwenye lebo pia. Mteja akilalamika, swali la kwanza utakalomuuliza ni namba hiyo. Anayefuma aandike aina ya uzi na namba ya rangi yake, kwa sababu uzi wa rangi moja uliotiwa rangi kwa nyakati tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi katikati ya blanketi.

Bidhaa zenye kasoro nizifanyeje?

Kasoro ya sura, kama kona iliyomeguka au rangi isiyosawazika, inaweza kuuzwa kwa bei pungufu mradi mteja aelezwe wazi. Kasoro ya usalama haiuzwi wala haigawiwi: sabuni iliyozidi soda, mshumaa unaowaka kwa mwali mkubwa kupita kiasi, mdoli ambao jicho lake linang'oka. Kumpa jamaa kitu usichothubutu kumuuzia mgeni si ukarimu.

Majaribio yafanyike lini?

Yapangie siku, la sivyo yatakula siku za kutengeneza. Mimi huyapa Jumatano ya mwisho ya mwezi. Kwa mishumaa kipindi hicho ni kirefu, kwa kuwa kila aina ya chombo, utambi na nta inapaswa kuwashwa hadi iishe, kwa vipindi visivyozidi saa 4 kwa mara moja, huku mtu akiwepo na kuandika anachoona.

## Bei na pesa

Nipange bei vipi?

Bei ina sehemu nne: malighafi pamoja na vifungashio, ujira wa muda wako, gharama za uendeshaji kama vile umeme, vifaa na usafiri, na faida ya biashara yenyewe. Ujira na faida si kitu kimoja. Ujira ni wako kwa kuwa umefanya kazi. Faida ni ya biashara ili iweze kununua mzani mpya pindi ule wa zamani unapokufa.

Penye makosa zaidi ni kwenye ujira. Mkupuo wangu wa vipande 24 huchukua dakika 90 za kupima na kumimina, 30 za kukata na 60 za kufunga. Jumla ni dakika 180, au dakika 7.5 kwa kipande. Anayeishia hapo hudhani saa yake moja huzaa vipande 8. Lakini rudi kwenye zile saa 30 za wiki nilizozieleza katika swali la siku mbili za kutengeneza: vipande 96 kwa saa 30 ni vipande vitatu na kidogo kwa saa. Kila kipande kimebeba karibu dakika 19 za maisha yangu. Ujira wa saa moja lazima utoke ndani ya vipande vitatu, si vinane. Bei nyingi ninazoziona zimepangwa kwa vipande vinane, na wenye bei hizo ndio wanaoniambia kwamba wanauza sana na hawaoni pesa.

Kama unatarajia kuuza kwa jumla, bei ya jumla inapaswa kufidia sehemu zote nne, na ya rejareja iwe juu yake. Maduka mengi hutarajia kununua kwa takriban nusu ya bei ya rejareja. Ikiwa nusu hiyo inakutia hasara, hujapata bado bei ya jumla, na ni heri kukataa duka kwa heshima.

Wateja husema ni ghali kuliko ya kiwandani. Niwajibuje?

Usiombe radhi na usimshambulie. Mweleze kilicho tofauti kwa maneno machache: viungo, muda wa kukomaa, kudumu kwake. Kisha mwache aamue. Asiyeweza kununua kipande kikubwa huenda akafurahia kidogo, na hilo ni jambo zuri la kutengeneza. Kupunguza bei kwa kila anayelalamika ni kuwatoza zaidi wale wasiolalamika, na hao ndio wanaorudi.

Nitenganishe vipi pesa ya biashara na ya nyumbani?

Fungua mahali pawili pa kuwekea pesa, hata kama biashara ni ndogo kiasi gani. Mauzo yote yaingie kwenye pesa ya biashara, na siku moja iliyopangwa ujilipe kutoka humo kiasi kinachojulikana. Kinachovuja zaidi si pesa kubwa. Ni kuchukua kidogo kwa haja ya nyumbani bila kuandika, kisha kununua karatasi za kufungia kwa pesa ya nyumbani, mpaka mwisho wa mwezi hakuna anayejua nani anamdai nani. Risiti zangu huingia kwenye bahasha ya wiki, na Jumamosi huandikwa daftarini. Dakika ishirini za kila wiki ni nyepesi kuliko siku tatu za mwisho wa mwaka.

Je, nahitaji kibali au usajili?

Waulize wenye mamlaka ya mahali unapouza, na uwaulize kabla ya kuchapisha lebo. Bidhaa za ngozi, za watoto na zinazowashwa moto ndizo huwekewa masharti zaidi. Vyovyote iwavyo, lebo iseme ukweli: viungo vyote, uzito, namba ya mkupuo na namna ya kukupata. Uzito upimwe sabuni ikiwa imekomaa, kwa sababu hupungua kadiri maji yanavyoondoka. Usiandike kwamba sabuni yako inatibu ugonjwa, wala kwamba pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, ni 7, isiyo asidi wala besi. Sabuni halisi huwa na pH ya 9 hadi 10 hivi, na hiyo si aibu.

## Wateja na usafirishaji

Nijibu jumbe za wateja saa ngapi?

Mara mbili kwa siku, kwa saa zinazojulikana, na usijibu ukiwa umeshika soda, mkasi au nta ya moto. Mteja anayeambiwa mapema kwamba majibu hutoka asubuhi na jioni husubiri kwa utulivu. Maswali yanayorudi yawe na majibu yaliyoandikwa tayari, ambayo utayarekebisha kidogo ili mtu ajue amejibiwa yeye.

Oda maalumu zina faida?

Baadhi. Mkoba wa kipimo cha kipekee huvunja mkupuo na huleta mazungumzo marefu, na mazungumzo hayo ni saa za kazi. Mimi hupokea oda maalumu kwa masharti matatu: makubaliano yaandikwe (rangi, kipimo, tarehe), malipo ya awali yasiyopungua nusu yalipwe kabla ya kununua malighafi, na mabadiliko yasikubaliwe baada ya kazi kuanza. Kwa sabuni, tarehe ya oda maalumu haiwezi kuwa chini ya wiki 6, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la kukomaa.

Kwa nini gharama ya kutuma huzidi niliyotarajia?

Mara nyingi ni ukubwa wa boksi. Wasafirishaji wengi hulinganisha uzito halisi na uzito unaokokotolewa kutokana na nafasi, kisha hutoza ulio mkubwa. Kigawanyo kinachotumika sana ni 5,000: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya. Boksi la 30 kwa 20 kwa 15 lina sentimita za ujazo 9,000, hivyo huhesabiwa kama kilo 1.8 hata likiwa na kilo moja tu ndani. Chagua maboksi mawili au matatu yanayolingana na oda zako za kawaida, pima kila moja likiwa limejaa, na uandike gharama zake ukutani mwa meza ya kufungia.

Mzigo ukipotea au ukifika umevunjika?

Omba picha, mshukuru mteja kwa kukujulisha, kisha tuma kingine au rudisha pesa bila kumfanya asubiri uchunguzi wako na msafirishaji. Tenga sehemu ndogo ya kila mauzo kwa ajili ya haya. Ikitokea zaidi ya mara moja kwa aina ileile ya bidhaa, kosa liko kwenye ufungaji wako, na Jumamosi inayofuata ni ya kuangusha boksi lako mwenyewe kutoka kimo cha kiuno na kuona kinachovunjika.

## Nyumba na mwili

Familia haioni kama ninafanya kazi. Nifanyeje?

Jambo hili huumiza kuliko oda iliyopotea, na sitalichukulia kama dogo. Mtu aliye nyumbani huonekana anapatikana; kila anayehitaji kusaidiwa humwendea yeye kwanza. Kilichonisaidia ni kuifanya kazi ionekane. Ratiba ya wiki iko ukutani, saa za kuanza na kumaliza zimeandikwa, na mlango ukiwa umefungwa una maana moja. Nilikaa pia na watu wa nyumbani nikawaonyesha daftari: hizi ni saa, hizi ni pesa, hizi ndizo zilizolipa kitu fulani mnachokitumia. Wengi hawadharau kazi yetu kwa makusudi. Hawajawahi kuiona ikihesabiwa.

Nawe timiza upande wako. Saa ya kufunga ikifika, funga.

Sina chumba cha ziada.

Meza moja inatosha, ikiwa vifaa vyote vya kazi vinakaa kwenye masanduku yenye vifuniko na ratiba inaipa meza hiyo saa zake. Vyombo vya soda, nta na rangi visitumike jikoni tena. Kinachohitaji mahali pa kudumu ni rafu ya kukomazia, mbali na jua na unyevu, mahali ambapo mtoto hafiki.

Mikono na mgongo vinauma. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba huwapata wengi, lakini usiyazoee maumivu hayo. Kiganja kinachokufa ganzi usiku ni onyo la kumwona mtaalamu wa afya, hasa kwa anayefuma. Changanya kazi ndani ya siku: saa moja ya kukata, kisha kusimama na kufunga, kisha kuandika. Meza ya kusimamia iwe usawa wa kiwiko. Hii ni sababu nyingine ya kutofanya siku tano mfululizo za mikono.

Nikiugua wiki nzima?

Wajulishe waliokwisha kulipa, kwa ujumbe mfupi wenye tarehe mpya, na simamisha oda mpya. Biashara yenye akiba ya bidhaa za wiki mbili huvumilia hili. Ile inayotengeneza kila kitu baada ya kuagizwa huyumba. Kuwe na mtu mmoja wa nyumbani anayejua vifurushi vilivyo tayari vinakaa wapi na vinatumwaje.

## Hali zisizo za kawaida

Wiki imepita bila oda hata moja. Nisimamishe?

Wiki moja haikuambii chochote. Tazama wiki 8 hadi 12 kwa pamoja, na ulinganishe na kipindi kilekile cha mwaka uliopita ikiwa unacho. Wakati huo usipunguze bei kwa hofu. Tumia saa zilizoachwa wazi kwa kazi ambayo huiahirisha daima: picha mpya kwenye mwanga wa dirishani, kuwaandikia wateja wa zamani, kusafisha kalibu. Punguza kidogo kiasi cha kumimina, usikikate kabisa, kwa sababu ukiacha kumimina leo, utakuwa na rafu tupu wiki 5 zijazo, huenda wakati oda zimerudi.

Nimepata oda ya vipande 300 ndani ya wiki tatu. Nikubali?

Hesabu kwanza. Vipande 300 ni mikupuo 13. Kwa mikupuo 4 ya kila wiki, nitamimina kwa zaidi ya wiki tatu, kisha nisubiri wiki 5. Ni zaidi ya wiki 8, na wakati huo wote wateja wangu wa kawaida hawatatengenezewa kitu. Siwezi kukubali, na nikikubali kwa kuuza sabuni ambayo haijakomaa nitakuwa nimempa mnunuzi mkubwa vipande 300 vya kunikataa. Ninachoweza ni kumwambia: vipo vipande 90 vilivyo tayari leo, na vilivyobaki vitafika kwa sehemu mbili, tarehe fulani na tarehe fulani. Baadhi hukubali. Wengine huondoka, na mmoja wa walioondoka kwangu alirudi miezi kadhaa baadaye akiwa ameagiza mapema.

Ni lini nimwajiri msaidizi?

Unapokataa oda kwa wiki nyingi mfululizo, na bei yako ina ujira ndani yake. Ikiwa bei haikulipi wewe, haitamlipa mwingine. Anza kwa kumpa kufunga, lebo na vifurushi, kazi zinazofundishika kwa asubuhi moja. Soda na vipimo vibaki kwako hadi utakapomwona mara nyingi akifanya kwa uangalifu bila kusimamiwa.

Kuna bidhaa ninayoipenda sana lakini hailipi. Niiache?

Ifanyie ile hesabu ya dakika kabla ya kuihukumu, kwa sababu huenda kinachoila si utengenezaji wake bali ufungaji au maswali ya wateja. Nilikuwa na sabuni ya tabaka tatu za rangi ambayo kila tabaka lilipaswa kushika kabla ya lingine kumiminwa, na ilinichukua jioni nzima. Nilipandisha bei mara mbili, ikapungua wanunuzi, na bado haikulipa. Sasa huimimina mara moja kwa mwaka, mkupuo mmoja, vipande 24, na wanaoitaka huandika majina yao miezi miwili kabla.